Maziwa Kabla ya Mechi

Kati ya maneno yote ambayo Norbert angeweza kuyasema jioni ile mbele ya mzee Bisengimana, alichagua kusema hapana.

Murekatete alikuwa amejibanza nyuma ya mkeka uliotenganisha sebule na chumba cha ndani. Aliposikia neno lile alifumba macho akamwomba Mungu ampe subira. Kisha akakumbuka kwamba subira hiyo alikwisha kuiomba mara nyingi kwa ajili ya mtu huyuhuyu, na pengine hata Mungu alikuwa amechoka kumsikia.

"Hapana, muzee, aksanti," Norbert alirudia kwa adabu kabisa, kama mtu anayeongezewa sukari kwenye chai. "Leo siwezi kunywa maziwa."

Katika nyumba ya wafugaji, mgeni aliyekuja kuomba binti wa watu akipewa maziwa, anakunywa. Hata kama ameshiba, hata kama tumbo linamkata, anapokea chombo cha mti kwa mikono miwili na kunywa, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Asiyekunywa hana la kuzungumza. Murekatete alikuwa amemweleza Norbert jambo hili mwezi uliopita, akamweleza tena wiki iliyopita, na asubuhi ile alimtumia salamu za kumkumbusha. Lililomshinda ni kumshikia mdomo na kummiminia.

Baba mdogo wake Norbert, Mathieu, mvuvi wa Uvira aliyekuja kumsindikiza, alikuwa amekwisha kumaliza maziwa yake na povu lilikuwa bado kwenye masharubu. Alimtazama mwana wa kaka yake, akatazama chombo kilichobaki kimejaa mikononi mwa mwenye nyumba, akaanza kukohoa.

"Ng'ombe yangu alikukosea nini, kijana?" mzee Bisengimana aliuliza. Hakupandisha sauti. Murekatete alimjua baba yake, na sauti ile ya chini ndiyo iliyomtoa jasho.

"Hakuna, muzee. Ng'ombe iko muzuri sana. Ni mambo ya ekipe. Kesho tuko na mechi kule Bujumbura. Antrenere, mukubwa wa ekipe, anatukataza kula ao kunywa kitu ya fasi ingine, tangu leo mpaka mechi iishe. Anasema chungu ya muntu mwingine inaweza kufunga miguu."

Shangazi Nyirabahizi, dada mkubwa wa mzee, aliyekuwa amekaa chini pembeni akichambua maharage, aliweka ungo chini kwa kishindo.

"Munasikia? Eti siye tuko barozi! Eti tunaroga miguu ya bantu na maziwa!"

"Tante, sikusema vile..."

"Mutu anatoka kwa baba yake na kuya kututukana kwetu! Bisengimana, minye nilisema. Nilisema tangu siku ile alilala kwa kiti weye ukiwa unaomba!"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mara ya kwanza Norbert alipotakiwa kufika, hakufika, kwa sababu timu ilipelekwa Bukavu ghafla. Mara ya pili alifika akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama embe, akasinzia katikati ya sala ya mzee na kukoroma kabla ya amina. Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, habari za maasi zilikuwa zinaingia bonde la Ruzizi kila siku na kila lori, na watu wa hapa Lubarika wenye ng'ombe walikuwa wanatazama milima. Mzee Bisengimana alikuwa ameamua. Kesho alfajiri angepandisha ng'ombe na watu wake kwa ndugu zake huko juu, na hakuna aliyejua watashuka lini.

Na huko juu alikuwapo Azarias. Azarias alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kijana safi, mpole, mwenye ng'ombe wa kwao, ambaye wazee wake walikwisha kumuulizia Murekatete. Azarias hakuwahi kumkosea mtu yeyote. Murekatete alijaribu mara nyingi kumfikiria usiku kabla ya kulala, na kila mara alipata usingizi haraka sana.

Kwa hiyo ilikuwa jioni hii tu. Norbert akikubaliwa, Murekatete angekuwa mchumba wake hata kama milima na maasi vinawatenganisha. Akikataliwa, basi. Na mwanamume huyu alikuwa amekuja na mambo ya chungu na miguu.

"Kesho ni siku ya Mungu," mzee alisema. "Munacheza mpira siku ya Mungu?"

"Ata Bwana Arnold alikuwa anacheza, muzee."

Bwana Arnold alikuwa mmisionari Mwingereza pale Uvira, ambaye kabla ya kuokoka aliwahi kuwa winga wa timu moja ndogo kwao Uingereza, katika divizioni ya tatu. Norbert alimtaja mtu huyo katika kila ubishi, kama wengine wanavyotaja mstari wa Biblia.

"Bwana Arnold alikuwa anacheza Jumamosi," mzee alijibu. "Nilimuuliza mwenyewe." Akamkabidhi dada yake kile chombo cha maziwa, akachukua fimbo yake ukutani. "Ninaenda kungojea ng'ombe. Wakiingia, ninataka kukuta mukwe hapa, ao kukuta kiti bila mutu. Yote mbili ni sawa kwangu."

Akatoka. Mathieu alimfuata mbio huku akimsifia ng'ombe ambao alikuwa hajawaona.

Murekatete aliusukuma mkeka. Alikuwa amejipamba tangu mchana, kitenge kipya, nywele zimechanwa vizuri, na alikuwa amepanga kutoka taratibu, macho chini, baba yake atakapomwita. Hakuitwa. Alitoka kama mtu aliyesikia mbuzi yuko kwenye mahindi.

"Nje," alimwambia Norbert.

"Murekatete, sikia kwanza..."

"Nje!"

Walisimama karibu na ua wa ng'ombe. Shangazi Nyirabahizi aliwafuata hadi mlangoni, akakaa kwenye kizingiti na ungo wake, akachambua maharage kwa kelele ili wajue yupo. Upande wa machweo milima ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Norbert alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na Murekatete, hasira zake zote zikiwa pale pale, alijikuta anatamani kuinyoosha kola yake. Akaficha mikono nyuma.

"Ni nini ilikuwa ngumu?" aliuliza. "Niambie. Ni kufungua kinywa? Ni kumeza?"

"Nilikuambia kama kuko sheria..."

"Nilikuambia kama kuko maziwa!"

"Weye hauelewe mpira."

"Ndiyo. Sielewi. Nimekaa na mpira yako miaka yote hii kama mutu anakaa na mugonjwa ndani ya nyumba, na sielewi kitu." Alianza kuhesabu kwa vidole, na kila kidole alikivuta kana kwamba anataka kuking'oa. "Ulianza na ekipe ya bantu ya pamba. Bazungu benye pamba bakaenda kwabo, ekipe ikakufa. Ukaenda kwa Kiboko, kule Uvira, divizioni ya mbili. Ukasema, Murekatete, mwaka huu tunapanda, tukipanda tunaoana. Mulipanda?"

"Tulikosa kidogo tu."

"Ukaenda Bukavu. Ukarudi kutoka Bukavu. Sasa uko kwa Mamba ya Bujumbura. Na yenyewe ni divizioni gani?"

Norbert alitazama viatu vyake.

"Divizioni gani, Norbert?"

"Ya mbili. Lakini mwaka huu..."

"Usiseme! Ukisema mwaka huu tunapanda, nitakupiga na hii fimbo ya ng'ombe, na shangazi atanisaidia."

"Nitasaidia," shangazi aliitikia kutoka mlangoni.

Norbert alicheka kidogo. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alipocheka uso wake wote ulifunguka, na Murekatete akakumbuka kwa nini yupo hapa, na akazidi kukasirika. Haikuwa haki mwanamume asiye na akili apewe kicheko cha namna ile.

"Bwana Arnold alitueleza maisha yake," Norbert alisema kwa upole. "Tulikuwa tungali bana ba masomo. Alicheza miaka munane kwa divizioni ya tatu. Matope mpaka kwa magoti, baridi, kusafiri mu busi usiku muzima kwenda kushindwa. Hakupanda ata siku moya. Halafu goti ikavunjika, njo akamuona Mungu."

"Na alipowaeleza vile, weye ulisikia nini?"

"Nilisikia miaka munane," Norbert alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa ndoto.

Murekatete alishika kichwa kwa mikono miwili. "Alikuwa anawaonya! Mutu mzima anatoka Uingereza, anapanda meli, anakuya kuwaonya, na weye unasema miaka munane, kama vile amekupa zawadi!"

"Alikuwa anacheka akisema."

"Ni huruma ilimufanya acheke!"

Mbali upande wa mto ng'ombe walisikika wanakuja, kengele ya yule wa mbele ikigongagonga. Murekatete aliisikia na moyo ukamshuka. Wakiingia wale, mambo yamekwisha.

"Nenda," alisema. Alitaka litoke kwa hasira, lakini lilitoka kwa uchovu. "Lori ya mwisho ya kushuka kwa mupaka itapita sasa hivi. Nenda ucheze. Kesho asubuhi tuko njiani, na minye sitakulilia. Nililia siku ya Bukavu, ile inatosha."

Alidhani atabisha. Alimtaka abishe. Lakini Norbert aliitikia kwa kichwa, akageuka na kuanza kuelekea barabarani, mabega yameshuka, shati likiwa limekunjamana mgongoni. Murekatete alimwangalia akienda na hakuweza kuamini. Mpumbavu huyu katika maisha yake yote hakuwahi kutii jambo lolote aliloambiwa, na leo ndiyo anatii!

"Norbert!"

Aligeuka upesi sana. "Ndiyo?"

"Hakuna. Nenda."

Hakuenda. Alirudi taratibu, akasimama karibu kuliko alivyosimama mwanzo, karibu kiasi cha maharage ya shangazi kunyamaza.

"Kuko kitu sikukuambia," alisema. "Kesho sitacheza."

"Unasema nini?"

"Niko rezerve. Tangu mvua zilianza niko rezerve. Nakaa kwa banki ya mbao pembeni ya kiwanja, na koti, nashika machungwa ya benzangu. Antrenere hakuniita ata mara moya."

Murekatete aliinua kidole kimoja. "Subiri. Unakataa maziwa ya baba yangu, mbele ya shangazi, jioni ya mwisho, ili miguu yako isifungwe. Na miguu yenyewe itakuwa imekaa kwa banki."

"Ndiyo."

"Na machungwa."

"Usicheke, Murekatete."

"Sicheki!" Na kweli hakuwa anacheka, machozi ndiyo yaliyokuwa yanamjaa, ya hasira au ya nini hakujua. "Kwa nini? Niambie ukweli, mara moya tu."

Norbert alijikuna shingo. Aliongea akitazama ua wa ng'ombe.

"Benzangu bote banashika ile sheria. Nikishika, niko mumoja wabo, ata kwa banki. Siku nitaiacha, minye ni nani? Baba yangu muvuvi, kaka zangu bavuvi, na minye kwa mutumbwi natapika. Wanauliza Norbert anafanya nini, banajibu anacheza mpira. Ukiondosha mpira, hakuna jibu. Baba yako ataniangalia na ataona kiti bila mutu, ata nikiwa nimekaa."

Hapo Murekatete alisahau shangazi, akasahau ng'ombe. Alinyoosha mkono akainyoosha ile kola iliyokuwa inamkera tangu mwanzo, akaivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Sikia, weye munyama. Siku ya kwanza nilikuona, unajua ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa natoka kwa masomo ya kushona na benzangu, tukapita pale munachezea. Ulimugonga kipa wa bale bengine, akaanguka. Mpira ulibaki mbele yako, goli wazi. Na weye ukaacha mpira, ukavua shati na kumupepea. Benzako banakutukana matusi ata siwezi kurudilia, na weye unapepea tu. Nikauliza, yule ni nani? Sikuuliza iko divizioni gani."

"Ile mechi tulishindwa."

"Najua! Mulishindwa juu yako! Na minye nilikupenda juu ya ile, na sijawahi kupenda ata mechi moya tangu siku ile!" Sauti yake ilipanda hadi Mathieu, aliyekuwa kwenye lango la ua, akageuza kichwa. "Sasa ingia mule ndani unywe maziwa."

Norbert alimtazama. Hakusema lolote la ekipe wala la mwaka huu. Alikuwa na macho makubwa, na ndani yake Murekatete aliona woga mtupu wa kiume ambao hajawahi kumwona nao hata alipoumia, na akampenda kupita kiasi, na bado alitaka kumpiga.

"Nitakunywa," alisema.

Waliingia pamoja. Shangazi Nyirabahizi aliwapisha mlangoni, uso wake umekuwa wa ajabu kidogo. Chombo kilikuwa pale kwenye kigoda. Murekatete alikiinua, na kilikuwa chepesi.

"Shangazi. Maziwa iko wapi?"

"Nilikunywa."

"Ulikunywa?"

"Nilikuwa na hasira," shangazi alisema. "Muliongea sana. Koo ilinikauka."

Murekatete alikaa chini palepale kwenye mkeka. Alijaribu kufikiri ni nani wa kumkasirikia kwanza na hakuweza kupanga foleni.

Mzee Bisengimana aliingia, vumbi la ng'ombe miguuni, akaangalia chombo kitupu, akamwangalia dada yake, akamwangalia Norbert aliyesimama katikati ya nyumba mikono imening'inia.

"Minataka kunywa, muzee," Norbert alisema. "Nilikosa. Nisamehe."

Mzee alikichukua kile chombo kitupu. "Maziwa ya mugeni imekwisha," alisema. "Ile ingine ingali ndani ya ng'ombe. Mutu mwenye kuitaka, anakuya kushika ndama."

Basi wakatoka tena wote. Mzee alichuchumaa chini ya jike jekundu na chombo kati ya magoti, ndama akaachiwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha Norbert akaambiwa amvute pembeni amshike. Ndama alikuwa mdogo lakini alikuwa na maoni yake. Alimvuta Norbert kushoto, akamvuta kulia, akamkanyaga, akalilamba lile shati jeupe hadi likawa halina tena haja ya pasi. Mzee alikamua bila haraka, akimwimbia ng'ombe wake kwa sauti ndogo.

Ndipo lori lilipopiga honi barabarani.

Murekatete aliganda. Norbert naye aliinua kichwa.

"Norbert!" Mathieu aliita. "Kamio! Ni ya mwisho! Kesho banaweza kufunga mupaka, utabaki huku!"

Honi ilipigwa tena, ndefu. Dereva alikuwa ameahidiwa abiria wawili na alikuwa anawangojea. Murekatete alitaka kusema neno, na alijilazimisha asiseme, akauma midomo hadi ikauma kweli. Alikuwa amekwisha kusema yote. Kama angemwambia kaa, angekaa kwa ajili ya kuambiwa, na maisha yao yote angekuwa mtu aliyeambiwa. Mzee alikuwa anaendelea kuimba na kukamua kana kwamba ni kiziwi. Norbert alitazama barabara. Alitazama kwa muda mrefu, na mikono yake ililegea, na ndama akaona nafasi yake akaruka.

Norbert alimdaka shingoni kwa mikono yote miwili, akaanguka naye matopeni, akamng'ang'ania.

Honi ya tatu ilipigwa wakati bado yuko chini. Halafu injini ikanguruma, ikapungua, ikapotea upande wa kusini, na ikabaki sauti ya maziwa yakiingia chomboni. Mathieu alivua kofia akajifuta uso. Murekatete aligundua kwamba alikuwa analia waziwazi mbele ya baba yake, na hakujali.

Mzee alisimama, akampa Norbert chombo kikiwa na joto. Norbert alikipokea kwa mikono miwili yenye tope, akanywa bila kupumua, akanywa hadi chini. Alipokitoa mdomoni alikuwa anahema kama mtu aliyemaliza mechi.

"Muzuri," mzee alisema. "Mahari tutaongea na bazee bako, mambo ikitulia. Kesho tunatoka mapema. Huyu ndama hajue kupanda mulima. Utamubeba."

"Atamubeba mpaka wapi?" Mathieu aliuliza kwa mshangao. "Muzee, kwetu mwanaume hafuate bibi kwa bakwe!"

"Hafuate bibi. Anafuata ndama."

Norbert alitazama ile milima, ambayo sasa ilikuwa nyeusi tupu hadi mbinguni, kisha akamtazama ndama, ambaye alikuwa anamtafuna mkono wa shati.

"Muzee," alianza, "kuko kitu kidogo. Goti yangu ya kuume, tangu Bukavu..."

"Norbert!" Murekatete alisema.

"Nitamubeba," Norbert alisema.